Pipa Lisilomsikia Mama

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeshinda. Bosi amekubali mashine ya kukaushia mahindi ichorwe kwa njia yangu, mwanzo hadi mwisho, na mbele ya ofisi nzima amesema mimi ndiye nitakayeiongoza. Nikajifanya mtu mzima, nikasema "asante Bosi" kwa sauti ya chini, kisha nikaingia stoo nikarukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Niiandike njia yenyewe hapa, ili siku nikichanganyikiwa nijikumbushe. Siku zote hapa kwetu kila mchoraji huchora kipande chake. Mmoja fremu, mwingine pipa, mwingine feni, kila mtu na kompyuta yake na kiburi chake. Mwishoni tunavikutanisha na kumwomba Mungu. Mashine ya mwaka jana ilipofika karakana, mlango wa pipa uligoma kufunga. Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, aliupiga nyundo na kuupunguza kwa grinda mpaka ukawa kama sufuria iliyoanguka ngazini.

Mimi nataka kuanzia juu. Kwanza mchoro mmoja tu, mchoro mama: mstari wa katikati ambao pipa litauzunguka, upana wa mashine, urefu wake, usawa wa sakafu. Humo hakuna bati hata moja. Kisha kila kipande kinazaliwa humo na kubaki kimefungwa kwake kwa kamba, maana ndivyo ninavyouita huo uhusiano. Mama akipanuka, watoto wote wanapanuka. Hakuna kupima kutoka kwa jirani.

Bosi ana sharti. Wakulima wanaoisubiri mashine wanaanza kuvuna mwishoni mwa mwezi wa sita, na mwaka huu mvua haioneshi dalili ya kuondoka. Mahindi yakiingia ghalani na maji yake yanaota ukungu, na mahindi ya ukungu hayafai hata kwa kuku. "Vipande vikigombana karakanani," akasema, "unarudi kuchora kipande kimoja kimoja chini ya shemeji yako, na habari za mama usiniletee tena."

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ndiye aliyeniingiza kazini na ndiye amekuwa mchoraji mkuu tangu enzi za karatasi na rula. Safari hii amepewa pipa, chini yangu. Tulipotoka mkutanoni aliniinamia kama mhudumu wa hoteli. "Haya Mama wa Watoto Wote, tuagize." Nikamwambia aanze kwa kunyamaza. Tukacheka, ila yeye alimaliza kucheka mapema.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kutwa. Mchoro mama umesimama, mistari michache tu, safi. Nimeuangalia mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 13 Mei

Mwenyekiti wa wakulima amekuja kuona. Nilitarajia mzee wa koti, akaja mama mnene mwenye buti za mpira na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Tunamwita Mama Mwenyekiti. Alitazama skrini yangu kwa muda. "Mwanangu, mashine iko wapi? Naona kamba za kuanikia nguo."

Ofisi ikacheka. Shemeji ndiye aliyecheka zaidi. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo mifupa, nyama inafuata. Akaridhika, akaeleza ghala lao: paa zima, sakafu ya saruji, mlango mpana hata lori linaingia. Mashine itakaa humo ndani, maana kwa mvua hii huwezi kukausha nje.

Cheche alipanda kutoka karakana kuja kumsalimia. Nikamwambia mbele ya mgeni kwamba mwaka huu grinda lake litaota kutu. Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Dada Mchoraji, maneno matupu hayavunji mfupa. Mimi nitaamini siku mlango wa pipa utakapofungwa kwa kidole kimoja."

"Kimoja," nikasema.

"Tena cha mwisho."

Nimekubali. Mdomo wangu huu.

Jumatatu, 19 Mei

Kazi inakwenda kama maji. Kila siku naongeza kitu kwenye mchoro mama. Nimeweka matundu ya bolti, unene wa mabati, mahali pa kupitisha waya, hata vipini vya mlango. Kwa nini nisiweke? Mama mwema anajua kila kitu cha wanawe.

Alhamisi, 22 Mei

Shemeji amekuja mezani kwangu kabla hata sijavua koti la mvua. "Jana nimeacha pipa langu zima. Leo nimelifungua limejaa alama nyekundu za makosa kila mahali. Umefanya nini?"

"Nimesogeza bolti za feni kidogo tu."

"Bolti za feni zinalihusu nini pipa?"

"Zote ziko kwa mama, Shemeji. Mama akigeuka, wote mnageuka."

"Huyo si mama. Huyo ni mama mkwe."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye kiti chake akaanza kurekebisha nyekundu moja baada ya nyingine, na shingo yake kwa nyuma ilionekana imechoka. Niliona, nikaendelea na yangu.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Nyekundu tena kwa Shemeji. Amepiga meza.

Jumanne, 27 Mei

Kompyuta zetu ni vizee. Pipa la Shemeji lina mapezi mengi ndani ya kugeuzia mahindi, na tukilifungua pamoja na mashine nzima, skrini inaganda hadi mtu anaweza kwenda sokoni akarudi. Kwa hiyo tumekubaliana kulificha. Mahali pake nimeweka kivuli, yaani pipa tupu lisilo na mapezi, ndani ya mchoro mama wenyewe. Sasa mashine inazunguka kwenye skrini laini kabisa. Najipongeza.

Ijumaa, 30 Mei

Wiki nzima Shemeji hajalalamika. Nabadilisha nitakacho, yeye kimya, anachora mapezi yake huku anapiga mluzi. Nimempigia Dada kumwambia mumewe ameanza kunielewa.

"Mume wangu akilalamika, yu mzima," Dada akasema. "Akinyamaza, mdogo wangu, ndipo uogope."

Dada naye kwa maneno.

Jumatano, 4 Juni

Siku yangu hii. Niiandike yote.

Asubuhi Mama Mwenyekiti amepiga simu, anapiga kelele kushinda mvua iliyokuwa juu ya bati lake. Ukuta wa ghala umepata ufa, mwashi wao amejenga nguzo mbili kuushika, moja kila upande wa mlango. "Ule mlango wa lori usahau, mwanangu. Sasa umebaki wa kupita ng'ombe, tena aliyekonda." Akanipa kipimo. Mashine yetu, pipa likiwa limelala kukingama upana wote, haipiti hata kwa maombi.

Bosi akashika kichwa. Mwaka jana badiliko kama hili lingetuletea wiki mbili za kulaumiana. Nikamwambia avute kiti. Nikafungua mchoro mama, nikafuta namba moja, ile ya upana, nikaandika mpya, nikabonyeza. Fremu ikajibana. Kifuniko kikajibana. Faneli ya kumiminia mahindi ikasogea katikati. Pipa likafupika. Vyote pamoja, pale pale machoni petu, kama watu kwenye benchi wanaompisha mwenzao akae.

"Lahaula," Bosi akasema. "Imekwisha?"

"Imekwisha."

Shemeji hakuwepo, amempeleka mama yake kliniki. Karakana ya kukunja mabati ilikuwa inasubiri mchoro wa pipa tangu jana, ikitishia kumpa mteja mwingine zamu yetu. Basi nimefungua folda ya Shemeji, nikachukua mchoro wake, nikautuma mwenyewe bila kuufungua. Aliporudi jioni nikamwambia kila kitu kimefuata na pipa limeshakwenda kukunjwa. Akanitazama. "Na pipa umelishughulikia?" Nikasema nimelishughulikia. Akasema basi vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Mvua. Cheche anakata vyuma vifupi vya kukingama vya fremu. Virefu bado.

Jumatatu, 16 Juni

Ee Mungu wangu.

Pipa limefika leo juu ya lori, jipya, linang'aa, limekunjwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Cheche alikuwa amepanga vyuma vya fremu sakafuni bila kuvichomelea, mlangoni tumesimama wote, Bosi na mwavuli wake. Winchi ikalishusha taratibu. Likakaa juu ya fremu, likatokeza kulia, likatokeza kushoto, kama mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

Cheche akapima, akapima tena, akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko angenicheka. "Nilete grinda?"

"Usiliguse!" Nilipaza sauti mpaka dereva wa lori akageuka. Ukilikata pipa lile unakata na mapezi yaliyomo, na pete za pembeni linazozungukia zinabaki hazina kazi. Na hata likiungika, wakulima wanapata pipa dogo, mahindi yao nusu yanakauka na nusu yanaota ukungu yakisubiri zamu. Pipa jipya nalo haliwezekani, bati la unene ule halipatikani hadi mwezi wa nane.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikafungua faili la pipa la Shemeji, lenyewe, siyo kivuli. Kamba imekatwa. Si moja, zote. Pipa lake lilikuwa limesimama peke yake na vipimo vya mwezi uliopita, halimsikii mama wala halijui kama mama yupo. Kilichofupika siku ile mbele ya Bosi kilikuwa kivuli changu.

Shemeji alikuwa nyuma yangu.

"Umekata," nikasema.

"Nimekata."

"Bila kuniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unacheka. Siku ile nilikuuliza kama umelishughulikia pipa, ukasema ndiyo."

"Nilidhani limefungwa kwa mama!"

"Nami nilidhani umeona halina kamba!"

Nilimwambia maneno. Nilimwambia amezoea rula, kwamba amenitegea, kwamba hakutaka aongozwe na mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Hilo la mwisho nilipolisema ofisi yote ikainamisha vichwa. Shemeji akachukua koti lake akatoka.

Bosi alikuja akavua miwani. "Mna hadi Ijumaa. Ikifika Ijumaa Cheche atakata, na sisi tutarudi tulikotoka."

Sikulia ofisini. Nimelia njiani, chini ya mwavuli, na mvua imenisaidia.

Jumanne, 17 Juni

Dada amenipigia kabla sijaamka vizuri. "Leo jioni unakula kwangu." Nikasema sina hamu. "Sikukuuliza hamu."

Nimekwenda. Shemeji alikuwa mezani, hatukutazamana. Dada akapakua, akaketi kati yetu. "Mmoja kalala kwa hasira, mwingine kalala kwa machozi, kwa ajili ya pipa. Mnisaidie kuelewa. Nani aanze?"

Shemeji akaanza, akimwambia Dada kana kwamba mimi sipo. "Mdogo wako ana wazo zuri. Tangu siku ya kwanza nililiona ni zuri, sikutaka tu kulisema. Ile mistari michache ya mwanzo, ningeifuata mpaka mwisho. Lakini hakuishia hapo. Mama huzaa, akalea, akaachia. Huyu wake anamfuata mtoto hadi bafuni. Bolti, waya, vipini, vyote kwake. Akipiga chafya, mimi nalazwa. Nikakata ili nifanye kazi kwa amani."

Ningeweza kujibu. Jibu lilikuwepo ulimini, kali. Lakini nilikumbuka ile shingo yake iliyochoka, niliyoiona nikaendelea na yangu, na jibu likayeyuka. Nikasema, "Ni kweli, Shemeji. Na lile neno la jana ofisini halikuwa la kweli. Naomba radhi."

"Nami nilipaswa kukuambia nimekata," akasema. "Ningekuandikia hata kwenye kikaratasi."

"Alhamdulillahi," Dada akasema. "Sasa kuleni."

Tukala. Katikati ya kula Shemeji akaacha kijiko. Akavuta sinia refu jembamba la Dada, akaichukua chupa ya chai, akailaza juu yake kukingama. Ikatokeza pande zote mbili. Nikadhani ananikejeli. Kisha akaizungusha ikalala kwa urefu wa sinia. Ikaenea, na nafasi ikabaki.

"Pipa halina kosa," akasema. "Limelala vibaya tu. Mlango ni mwembamba, lakini ghala ni refu."

Tukatazamana. Dada naye akapiga kelele, "Chupa yangu inavuja!"

Jumatano, 18 Juni

Leo tumegeuza mhimili. Yaani tumejaribu.

Kwa njia ya zamani kugeuza pipa lilale kwa urefu ni kuchora mashine upya, msimu mzima. Kwa njia yangu ni mstari mmoja, ule wa katikati. Nikaushika, nikauzungusha, nikabonyeza. Skrini nzima ikawa nyekundu. Fremu ilivunjika, faneli ikaruka juu, feni ikatazama ukuta. Kila kitu nilichokuwa nimemfungia mama, bolti, waya, vipini, kilikuwa kimeshikilia pande za zamani.

Siku zingine ningetafuta wa kumlaumu. Shemeji akavuta kiti chake akakiweka karibu na changu. "Tunavua," akasema. "Tunavua mpaka abaki na mifupa."

Tumevua kutwa. Kila bolti tumeirudisha kwa kipande chake, huko huko kwa mwenyewe aitunze. Mchezo wetu ulikuwa swali moja: hiki kikibadilika, jirani ataumia? Kama haumii, kitoke kwa mama. Shemeji ni mkali kwenye swali hilo kuliko mimi, anauliza kama hakimu. Vipini vya mlango vilimchekesha hadi akatokwa na machozi. "Hata vipini, shemeji yangu! Ulitaka mama afungue mlango mwenyewe?"

Alhamisi, 19 Juni

Mama amebaki na mistari michache, kama ile ya mwanzo aliyoiita Mama Mwenyekiti kamba za nguo. Kivuli nimekitupa. Shemeji amelifunga pipa lake upya, lile la kweli na mapezi yake yote, kwa kamba tatu tu: mhimili, urefu, kipenyo. Urefu tumeurudisha kwenye kipimo cha pipa lililolala karakanani, maana hilo ndilo tulilo nalo.

Nikamwambia, "Geuza wewe." Akakataa. Nikamwambia wazo ni lake. Akakohoa, akashika kipanya, akaugeuza mstari.

Kompyuta ikaganda. Tukaenda kunywa chai, maana hakuna la kufanya. Tuliporudi mashine ilikuwa imelala kwa urefu, nyembamba, imetulia, pipa zima ndani yake, hakuna nyekundu hata moja. Shemeji akasema polepole, "Kumbe."

Nimelisikia neno hilo na nitakula nalo mwaka mzima.

Ijumaa, 20 Juni

Bosi ameona. Cheche ameona pia, akatazama vyuma vyake. Vile vya kukingama vinatakiwa kuwa vifupi zaidi, anavipunguza. Vile virefu hakuwa amevigusa. "Kufupisha ni mchezo," akasema. "Mngeniambia nirefushe, leo tusingeelewana." Ameanza kuchomelea kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, 24 Juni

Mvua. Cheche anachomelea.

Ijumaa, 27 Juni

Wakulima wameanza kuvuna. Mama Mwenyekiti anapiga simu kila siku, hasemi habari za asubuhi tena, anasema "Lini?"

Jumatatu, 30 Juni

Faneli imekaa. Feni imekaa. Bolti zimeingia kwa mkono. Nimeanza kumwogopa Cheche, anatabasamu.

Alhamisi, 3 Julai

Tumeipeleka leo, imefunikwa turubai juu ya tela, trekta likiteleza kwenye tope. Ghalani watu wamejaa, na mahindi yamerundikwa juu ya maturubai, mabichi, ukiingiza mkono katikati unasikia joto la kuanza kuharibika. Mwanamke mmoja alikuwa akiyageuza kwa koleo peke yake, ameloa jasho. Aliponiona hakusalimia. "Ndiyo hiyo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Hapo nilielewa kwamba sharti la Bosi lilikuwa dogo.

Tela likarudi kinyumenyume kwenye zile nguzo mbili. Nilisimama upande mmoja, Shemeji upande wa pili, kila mtu na kiganja chake kati ya chuma na saruji. Ikapita. Kiganja changu hakikuguswa, wala chake.

Wakamimina mahindi. Ikabaki kufunga mlango wa pipa. Watu wakasogea, na Cheche akawazuia kwa mikono miwili kama askari wa barabarani. "Subirini. Kuna ahadi hapa." Akanitazama. Nikanyoosha kidole cha mwisho, kile kidogo. Kisha nikamvuta Shemeji kwa shati. "Pipa ni lako."

"Mashine ni yako."

"Shemeji, usinichoshe mbele za watu."

Akaweka kidole chake kando ya changu, Cheche akalalamika kwamba hivyo ni viwili, na tukasukuma. Mlango ukaenda, ukagusa, ukalia *klik*. Cheche alikwenda kwenye tela, akalichukua grinda alilokuwa amelileta kimyakimya chini ya kiti, akalifunga ndani ya gunia.

Moto ukawashwa, pipa likaanza kuzunguka. Nje mvua iliongezeka ikawa hatusikilizani. Tulikaa juu ya magunia tukisubiri, na yule mwanamke wa koleo akakaa nasi, koleo magotini. Mkupuo wa kwanza ulipotoka Mama Mwenyekiti alichota kiganja kizima, akakipuliza, akachagua punje moja akaitia kwenye magego. Ghala zima likamtazama mdomo.

Ikakatika. Tuliisikia sote, juu ya mvua.

Akampa punje nyingine yule mwanamke, naye akaing'ata, akafumba macho, akacheka. Kisha akasimama, akalisimamisha koleo ukutani, akarudi kukaa.